Umio ulioshonwa utotoni huhitaji uangalizi wa maisha

Na Mwandishi Wetu

UKISIMAMA asubuhi kwenye daraja la Rusumo, pale mto Kagera unapotenganisha Rwanda na Tanzania, utawaona akina mama wakivuka wakiwa na mizigo kichwani na watoto mgongoni. Tumchukue mmoja wao kuwa mfano wetu. Anauza nguo za mitumba na sabuni. Mtoto wake ana umri wa miaka mitatu. Anakohoa kikohozi kizito kama mbwa anayebweka, na majirani hukisikia hadi nyumba ya tatu. Akipewa kipande cha nyama hukitafuna, hukimeza, kisha macho humtoka na mate kuanza kumchuruzika. Mama humpa maji, humpigapiga mgongoni, na baada ya muda chakula hushuka au hutapikwa.

Siku moja, akiwa upande ambao si wa kwao, anaingia katika kituo cha afya. Muuguzi anamuuliza:

"Mama, mtoto huyu ameanza kukohoa lini?"

"Tangu akiwa mchanga, daktari."

"Katika familia kuna mwenye pumu au kifua kikuu?"

"Hakuna, daktari."

Mama anapewa dawa na kurudi kwenye biashara yake. Hakuulizwa kama mtoto amewahi kufanyiwa upasuaji, naye hakusema, kwa sababu upasuaji huo ulifanyika siku ya tatu baada ya kuzaliwa na wakati wa kuruhusiwa aliambiwa mtoto amepona. Kovu lipo pale pale chini ya bega la kulia, limefunikwa na fulana.

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini yanayompata yanaweza kumpata mzazi yeyote ambaye mtoto wake alizaliwa na umio uliokatika na madaktari wakauunganisha. Yanaweza kumpata hata mtu mzima aliyepasuliwa akiwa kichanga, akahama nchi na wazazi wake, na leo anashangaa kwa nini yeye peke yake hawezi kula nyama choma bila glasi ya maji mkononi.

Kasoro yenyewe ni ipi?

Umio ni bomba la nyama linaloteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mbele yake kuna bomba la hewa liendalo mapafuni. Mimba ikiwa changa, katika wiki za mwanzo kabisa, mabomba haya mawili huanza yakiwa kitu kimoja, kisha hutengana. Kwa baadhi ya watoto utengano huo hauendi sawa. Umio hukatika katikati, na sehemu ya juu inabaki kama mfuko usio na tundu chini. Mara nyingi sehemu ya chini nayo hutoboka na kushikana na bomba la hewa. Aina hiyo ndiyo inayoonekana zaidi, takriban watoto 85 kwa kila 100 wenye kasoro hii.

Madaktari huiita atresia ya umio. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya kila watoto 2,500 hadi 4,500 wanaozaliwa hai, na karibu nusu yao huwa na kasoro nyingine ya moyo, figo, uti wa mgongo, mikono au njia ya haja kubwa. Haitokani na laana, wala si kosa la mama.

Dalili huonekana siku ya kwanza. Mtoto hutoa mate mengi yenye povu yasiyokoma. Akinyonyeshwa hupaliwa, hukohoa, na midomo yake hubadilika rangi kwa kukosa hewa. Muuguzi akijaribu kupitisha mpira mwembamba kwenda tumboni, hukwama baada ya sentimita kumi hivi. Picha ya eksirei huuonyesha mpira umejikunja kifuani. Hapo mtoto hapaswi kupewa kitu chochote mdomoni, na hupelekwa haraka kwenye hospitali yenye wapasuaji wa watoto.

Daktari hufungua kifua, mara nyingi kupitia mbavu za kulia, akaziba tundu lililounganisha umio na bomba la hewa, kisha akazishona ncha mbili za umio pamoja. Ncha zikiwa mbali mno, mtoto hulishwa kwa mpira uliopitishwa ukutani mwa tumbo kwa wiki au miezi kadhaa kabla ya kuunganishwa. Wengine hutengenezewa njia mpya kwa kutumia tumbo au kipande cha utumbo mpana.

Hadi miaka ya 1930 kasoro hii ilikuwa hukumu ya kifo. Mwaka 1939 huko Marekani walipatikana watoto wa kwanza walionusurika kwa upasuaji wa hatua kwa hatua. Mwaka 1941 daktari Cameron Haight, katika mji wa Ann Arbor jimboni Michigan, alifaulu kuziunganisha ncha mbili za umio wa mtoto wa kike kwa upasuaji mmoja. Mtoto huyo aliishi. Lakini hata kwake mambo hayakuishia kwenye meza ya upasuaji: mshono ulivuja, ukapona, kisha njia ikawa nyembamba na ikabidi ipanuliwe. Matatizo yanayowasumbua watoto wa leo yalionekana tangu kwa huyo wa kwanza.

Kinachobaki baada ya kidonda kufunga

Umio si bomba la plastiki ambalo fundi akiliunganisha maji hupita kama kawaida. Ni msuli ulio hai, na husukuma chakula kwa mawimbi kutoka juu kwenda chini. Kwa aliyezaliwa na kasoro hii, misuli na mishipa ya fahamu ya umio haikukamilika tangu tumboni mwa mama. Mshono hurudisha njia, lakini haurudishi mawimbi hayo. Chakula hushuka zaidi kwa uzito wake na kwa msaada wa maji. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya waliopasuliwa hubaki na ugumu wa kumeza wa kiasi fulani, hata wakiwa watu wazima.

Jambo la pili ni kovu. Pale penye mshono kovu hukaza na kuibana njia. Hili ndilo tatizo linaloonekana zaidi baada ya upasuaji. Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri huanza kutapika maziwa, au akianzishwa vyakula vigumu hukataa na kurudia uji. Dawa yake ni kupanuliwa kwa vifaa maalumu akiwa amelazwa usingizi. Wapo wanaohitaji mara moja tu, na wapo wanaorudi mara nyingi katika miaka ya mwanzo. Kurudi huko si dalili kwamba upasuaji ulishindikana.

La tatu ni asidi. Kilango kati ya umio na tumbo huwa dhaifu, na asidi hupanda juu. Mtoto mdogo hucheua, hulia akilazwa, haongezeki uzito. Mkubwa hulalamika kiungulia. Asidi hiyo huunguza ukuta wa umio na kulifanya kovu likaze zaidi, na usiku inaweza kuteleza hadi mapafuni. Kwa sababu hiyo mtoto hupewa dawa za kupunguza asidi katika mwaka wa kwanza, na pengine zaidi. Mzazi asizikatize kwa kuwa mtoto anaonekana mzima. Kuzisimamisha ni kazi ya daktari.

La nne ni kikohozi chenyewe. Bomba la hewa la watoto hawa mara nyingi huwa laini, halina ugumu wa kutosha kubaki wazi mtoto anapotoa pumzi kwa nguvu. Sauti ya kubweka hutoka hapo. Kwa wengi hupungua kadiri mtoto anavyokua na bomba kukomaa, ingawa wapo wanaoendelea nayo ukubwani. Wachache hupata hali mbaya zaidi, pumzi ikakatika wakati wa kula au kulia. Hao wanahitaji hospitali bila kuchelewa.

La tano, na la hatari, ni tundu kurudi. Kwa wagonjwa wachache, takriban 5 hadi 10 kwa kila 100, njia kati ya umio na bomba la hewa hufunguka tena. Mtoto hukohoa kila anapokunywa kitu chepesi kama maji au maziwa, na hupata nimonia mara kwa mara.

Zaidi ya hayo, baadhi yao kifua hukua upande mmoja tofauti na mwingine, bega likainuka au mgongo ukapinda. Na mtoto aliyelishwa kwa mpira miezi mingi anaweza kuogopa chakula mdomoni, kwa kuwa hakujifunza kula katika umri wa kujifunza. Bibi atasema ana kiburi, kumbe anaogopa kupaliwa.

Pumu, kifua kikuu au kimeo?

Kikohozi kisichoisha kina majina mengi mitaani. Wapo watakaosema mtoto amerogwa. Wengine watamshauri mama ampeleke kwa mkataji wa kimeo, au kilimi kama wengine wanavyokiita. Desturi hiyo bado ipo katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki. Kukata kimeo hakutibu kikohozi cha aina yoyote. Huleta kutokwa damu nyingi, maambukizi na hata pepopunda, na kwa mtoto ambaye tayari humeza kwa shida ni kumwongezea jeraha juu ya jeraha.

Hata kwenye vituo vya afya makosa hutokea. Mtoto hupewa dawa za pumu miaka miwili bila nafuu, kwa sababu shida yake ni ulaini wa bomba la hewa au asidi inayopanda. Mwingine huanzishiwa dawa za kifua kikuu. Hatusemi mtoto aliyepasuliwa umio hawezi kupata pumu au kifua kikuu. Anaweza, na kikohozi kinachozidi wiki mbili ni lazima kichunguzwe. Tunachosema ni kwamba mganga asiyeambiwa habari ya upasuaji ule anatafuta njia gizani.

Karatasi zivuke mpaka pamoja na mtoto

Hapa ndipo wafanyabiashara wa mipakani na wanaorejea nyumbani wana shida yao wenyewe. Mtoto amezaliwa kambini au ugenini, amepasuliwa katika hospitali kubwa ya nchi nyingine, kisha familia imerudi makwao. Jalada limebaki kule. Daktari mpya anaona kovu tu. Upande mmoja wa mpaka karatasi za hospitali huandikwa kwa Kiingereza, upande mwingine kwa Kifaransa, na waliotoka Ulaya huja na barua za lugha nyingine kabisa. Bima ya afya ya jamii ya nchi moja nayo, kama ile ya Rwanda ambayo watu huiita mutuelle, haikuandaliwa kwa matibabu ya kila siku upande wa pili.

Kabla ya kuhama, omba muhtasari wa matibabu ya mtoto. Ni haki yako kuomba. Uwe ukurasa mmoja unaosema: aina ya kasoro aliyozaliwa nayo, tarehe na hospitali aliyopasuliwa, kama umio uliunganishwa moja kwa moja au kwa hatua, amepanuliwa mara ngapi na lini mara ya mwisho, dawa anazotumia, na kama moyo, figo na uti wa mgongo vilipimwa na kukutwaje. Kama viungo hivyo havijapimwa kamwe, na hilo liandikwe ili vipimwe.

Mzazi akikariri neno moja tu la kidaktari, na liwe "atresia". Linakaribiana mno katika Kiingereza na Kifaransa, na daktari wa pande zote za mpaka ataelewa. Karatasi ipigwe picha kwa simu, na nakala itunzwe pale unapotunza hati yako ya kuvukia mpaka. Kwa wanaorudi kutoka kambini, iombeni kwenye zahanati ya kambi kabla ya siku ya kupanda lori, kwa sababu siku ya safari hakuna atakayekuwa na nafasi ya kutafuta majalada.

Na aliyekwisha kupoteza karatasi? Asikate tamaa. Aonyeshe kovu, aeleze anachokumbuka. Daktari anaweza kupima upya kwa eksirei ya kumezea dawa nyeupe au kwa kamera ndogo inayoingizwa kooni.

Kula nyumbani na njiani

Sehemu kubwa ya uangalizi iko mikononi mwa familia. Mtoto ale akiwa ameketi wima, tonge dogo, atafune sana, na awe na maji karibu. Vyakula vinavyokwama zaidi ni nyama ngumu, mkate, chapati, muhogo mkavu na vipande vya tufaha. Ugali si mwiko, ila uwe laini na uteremshwe na mchuzi. Nyama isagwe au ichambuliwe nyuzinyuzi. Asilale mara tu baada ya kula. Angoje saa mbili au tatu, na kichwa cha kitanda kiinuliwe kidogo kwa kuweka matofali chini ya miguu ya upande huo.

Kwa mtu mzima anayesafiri, stendi ndiyo mahali pa hatari. Basi linapiga honi, brosheti za mbuzi ziko mkononi, naye anameza bila kutafuna. Aliyeshonwa umio asile kwa kushindana na dereva. Achukue ndizi mbivu, uji au wali wenye mchuzi, na nyama aiache hadi afike.

Chakula kikikwama lakini mtu anapumua na kuzungumza, akae wima, atulie, na ajaribu maji kidogo kidogo. Asisukumiwe tonge jingine la ugali ili lisukume la kwanza. Kama hawezi kumeza hata mate yake, au kimekwama saa kadhaa, apelekwe hospitali akitolewe. Mtoto akishindwa kupumua au midomo ikibadilika rangi, hilo ni la dakika, si la saa.

Dalili nyingine za kumrudisha mtoto hospitali ni homa na kupumua kwa haraka, nimonia ya mara kwa mara, kukohoa kila akinywa, kutapika damu, kupungua uzito, au kukataa ghafla chakula alichokuwa akikila. Chanjo zote za utotoni zikamilishwe, ya nimonia na ya surua zikiwamo, kwa kuwa mapafu ya watoto hawa hayana akiba ya kupoteza.

Wakubwa wasijisahau

Wengi walioshonwa umio hukua, husoma, huoa na kuolewa, hufanya kazi kama wenzao. Wengi pia huzoea shida zao kiasi cha kutoziona. Kijana atasema hana tatizo la kumeza, huku akimaliza chakula nusu saa baada ya wenzake.

Kuzoea huko ndiko kunakowatia madaktari hofu. Asidi inayounguza umio kwa miaka mingi inaweza kubadilisha ukuta wake, na mabadiliko hayo huonekana zaidi kwa watu hawa kuliko kwa wengine. Wachache wamepata saratani ya umio wakiwa bado vijana. Mwaka 2016 vyama vya madaktari wa tumbo na ini wa watoto wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini vilitoa mwongozo unaoshauri wagonjwa wote wapimwe umio kwa kamera mara tatu katika utoto, hata wasipolalamika, na ukubwani kila baada ya miaka 5 hadi 10.

Kwetu, kipimo hicho hupatikana zaidi katika hospitali za rufaa, na si kila mtu ana nauli. Asiyeweza kukipata kila mara ajue angalau kwamba ugumu wa kumeza unaozidi, damu au kukonda si vya kuzoea. Ukanda wa mashariki mwa Afrika ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye saratani nyingi ya umio hata kwa watu waliozaliwa wazima. Tumbaku na pombe kali viepukwe, na chai iachwe ipoe kidogo kabla ya kunywewa. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliviweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi joto 65, katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha ugonjwa huo.

Kila aliyepona ana thamani

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet, uliohusisha hospitali 264 katika nchi 74, uliangalia watoto wenye kasoro saba za kuzaliwa za njia ya chakula na tumbo, ya umio ikiwa mojawapo. Katika nchi za kipato cha chini walifariki takriban 40 kwa kila watoto 100. Katika nchi za kipato cha kati walifariki 20, na katika nchi tajiri hawakufika 6.

Maana yake ni kwamba mtoto wa ukanda wetu aliyevuka salama siku zile za kwanza amevuka mto mpana. Kumpoteza akiwa na miaka mitatu kwa kipande cha nyama, au kwa nimonia ambayo hakuna aliyejua chanzo chake, ni hasara inayoweza kuzuilika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe hapa huzibwa kwa maneno machache.

Turudi kwa yule mama wa Rusumo. Safari ijayo, muuguzi akimwuliza mtoto ameanza kukohoa lini, asiishie kujibu hilo tu. Amvue mtoto fulana, aonyeshe kovu na kusema: "Daktari, mtoto huyu alizaliwa na atresia, umio wake ulishonwa." Kisha atoe karatasi yake.